Uzi: Injini ya mvuke ya reli ya milimita 45 inavuta vizuri asubuhi, adhuhuri inachoka. Ni gesi, mafuta, maji au upepo?

#1 MkaaziWaMaweni (Malindi)
Salaam wadau. Nina injini ndogo ya mvuke, ya reli yenye upana wa milimita 45. Ina magurudumu manne, silinda mbili, boila ya shaba, na inawaka kwa gesi ya butane. Niliinunua kwa Mwitaliano mmoja aliyekuwa anahama Malindi na kuuza vitu vyake, pamoja na reli za kutosha kuzunguka ua wangu. Si treni ya betri hii. Ndani maji yanachemka na pistoni zinasukumwa na mvuke kweli.

Shida ni hii. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, inavuta mabehewa mawili taratibu mpaka gesi inakwisha, unaisikia inavyopumua. Adhuhuri, reli ile ile na mabehewa yale yale, moto unanguruma kwa sauti kali, geji ya msukumo wa mvuke inapanda mpaka bar 2.5, kisha nikifungua mvuke tu inaanza kuteremka. Ikifika bar 1 injini inajikokota, na pengine moto unazimika wenyewe. Mimi nilitarajia kinyume, kwamba jua likiwa kali maji yatachemka upesi na nguvu itazidi. Vipi joto linaidhoofisha mashine inayoishi kwa joto?

#2 Totoo_la_Shela (Lamu)
Malindi haijawahi kuona reli tangu dunia iumbwe, na leo kuna treni inayolemewa na jua la adhuhuri. Ipe dafu, kaka. Nafuatilia uzi huu, lakini weka picha.

#3 Mlamu_Leicester
Waleykum salaam. Tazama gesi kwanza. Butane kwenye nyuzi 20 ina msukumo wa bar 1 hivi juu ya hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 35 msukumo unapita bar 2. Tangi lako liko ndani ya kibanda cha dereva, mgongoni mwa boila, na juu linapigwa na jua, kwa hiyo hata hizo 35 nimekuhurumia. Jeti iliyomo, yaani kile kitundu kinachotoa gesi, ilichaguliwa na watu wanaoendesha injini zao bustanini kwenye nyuzi 15 au 18.

Msukumo ukizidi, gesi inatoka kwa kasi ambayo moto hauwezi kuifuata. Ndimi zinaachana na kichomeo, zinawaka mbele zaidi au zinazimika, na sehemu ya gesi inatoka bila kuungua sawasawa. Mngurumo unaousikia ndio huo: kelele nyingi, joto kidogo. Sisi huku tuna shida ya upande wa pili. Gesi ikitoka, tangi linapoa mpaka linatoa jasho, moto unafifia, na watu wanaliweka tangi ndani ya kibeseni cha maji ya vuguvugu. Wewe weka kibeseni hicho hicho, ila kiwe cha kupoza.

#4 Fundi_Gede
Kabla hatujafika kwenye gesi: hiyo adhuhuri ukiinua injini magurudumu yasiguse reli, inazunguka au haizunguki? Jibu hilo kwanza. Watu wanahukumu moto wakati ugonjwa uko kwenye silinda.

#5 MkaaziWaMaweni
Fundi, inazunguka, tena kwa kasi. Ikishuka relini na kupewa mabehewa ndipo inapochoka.
Mlamu, vali ya gesi nimeshajaribu kuikaza. Mngurumo unatulia, moto unarudi mahali pake, lakini geji haipandi tena. Picha nitaweka usiku, intaneti ya huku leo ni nzito.

#6 Mzee_wa_Garati (Malindi)
Vijana, mmeyasahau mafuta.
Mimi nilikuwa fayamani, mlisha moto wa injini, njia ya Mombasa na Nairobi, zama za mvuke. Injini iwe kubwa au iwe ya kuwekwa mezani, mvuke tabia yake ni moja: unaosha. Unapita kwenye vali na silinda na kuondoka na mafuta yote. Kwa hiyo lazima mafuta mengine yaje nyuma yake kila wakati.

Hizo ndogo zina kikopo kando ya bomba la mvuke. Mvuke unaingia humo kidogo, unapoa, unakuwa maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, na mafuta yanapanda na kutoka kwenda kwenye silinda. Hakuna pampu wala chochote, na nilipokiona mara ya kwanza nilikipenda sana kitu kile. Lakini kila ukimaliza kuendesha, maji yale yavute kwa bomba la sindano, ujaze mafuta upya. Je, unafanya hivyo? Na unatia mafuta gani?

#7 MkaaziWaMaweni
Mzee, shikamoo. Natia injini oili ya gari, 20W-50. Kikopo nakijaza asubuhi.

#8 Mzee_wa_Garati
Marahaba mwanangu. Basi kazi yako imo humo. Oili ya gari imetengenezwa ikae mahali pakavu, na ina sabuni ndani yake ya kusafisha masizi. Ikikutana na mvuke wenye majimaji inakuwa uji mweupe na kuondoka. Tazama kwenye bomba la moshi, kama kuna utando mweupe kama maziwa, ndio huo. Mafuta ya mvuke ni mazito sana, daraja la 460 au 680, na yamechanganywa na mafuta ya mnyama ili yashike chuma hata kikiwa kimelowa. Vali ikikosa mafuta haikai vizuri kwenye uso wake. Mvuke unapenya chini yake na kutoka bure. Boila inafanya kazi, silinda haipati kitu. Geji inashuka, injini inajikokota. Umeeleza mwenyewe.

#9 Jabia_Langoni (Lamu)
Hayo mafuta ya 460 huku kwetu utayapata wapi? Gia oili ya 140 uzito wake ni huo huo, na kila duka la spea linayo. Au tumrudie mzee papa: sifa, yale mafuta ya papa, inashika mbao za jahazi miaka na miaka na maji ya bahari hayaiondoi.

#10 Fundi_Gede
Ami Jabia, kwa heshima: hapana, na hapana tena. Gia oili, hasa ile ya difu yenye alama ya GL-5, ina salfa ya kuzuia meno ya gia yasilane. Salfa hiyo ikipata moto inashambulia shaba na bronzi, na injini yake ni shaba kutoka boila mpaka bushi. Uzito ni kweli unakaribiana, dawa zilizomo ndizo zinazodhuru. Na sifa ikipata joto na hewa inakuwa gundi. Ubora wake kwenye jahazi ni huo huo, kwamba inaganda na kuziba. Ukiitia kwenye tundu la milimita moja umeifunga injini.

Sasa narudi kwenye langu. Imezunguka juu, imekataa relini. Maana yake nguvu ipo ila haitoshi kubeba mzigo. Mimi nashuku vitu viwili. Kwanza oringi za pistoni. Zikiwa za mpira usio sahihi zinavimba kwa joto na kubana silinda. Pili eksentriki, ile inayoisogeza vali. Inashikwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa, ikilegea kidogo tu vali inafungua kwa kuchelewa. Ipeleke kwa mtu wa kuziba pancha, iendeshe kwa hewa ya kompresa, msukumo mdogo, usikilize. Silinda mbili, kila moja inasukuma kwenda na kurudi, basi mzunguko mmoja ni pumzi nne. Zikiwa nne sawasawa, eksentriki iko salama. Ukisikia moja kubwa moja ndogo, fungua kifuniko cha vali, zungusha gurudumu kwa mkono, tazama kama tundu la mbele na la nyuma yanafunguka kwa kiasi kimoja.

#11 Mwalimu_Ngomeni
Habari zenu. Nataka kwanza kulijibu swali la mwisho la mleta mada, kwa sababu limepitwa.

Jua haliisaidii injini kwa sababu mchango wake ni mdogo mno. Geji ikiwa bar 2.5, maji ndani yako karibu nyuzi 139. Ukianza na maji ya nyuzi 25 au ya nyuzi 34, tofauti ni ndogo katika safari hiyo. Na kuyafikisha maji kwenye kuchemka si kazi kubwa. Kuyageuza yawe mvuke kunahitaji joto karibu mara tano ya hilo. Kwa hiyo hali ya hewa ya Malindi haibadilishi boila kwa kiasi cha kuonekana, lakini inaibadilisha sana gesi ndani ya tangi. Hapo namuunga mkono Mlamu #3.

Ila kuna jambo moja linanisumbua. Mleta mada, soma tena #7 yako: kikopo cha mafuta unakijaza asubuhi. Basi ile safari ya adhuhuri ni safari ya pili ya siku! Kikopo kimejaa maji badala ya mafuta, boila ina mabaki ya maji ya asubuhi, na tangi la gesi limejazwa upya wakati bado lina joto. Umebadilisha mambo matatu au manne, na unalaumu jua peke yake. Siku moja usiendeshe asubuhi kabisa. Ianze adhuhuri ikiwa safi, uone.

#12 Kusi_na_Kaskazi (Malindi)
Hakuna aliyetaja upepo, nashangaa, nasi tunaishi Malindi. Alfajiri ua umetulia. Kuanzia saa nne, saa tano, upepo wa bahari unapanda na adhuhuri ndio umeshika. Injini ya gesi inavuta hewa yake kupitia vitundu vilivyo karibu na jeti. Upepo ukivuma humo au ukiingia kwenye bomba la moshi, mchanganyiko unaharibika na moto unaruka. Mimi ni mtu wa bahari, injini zangu ni za boti, lakini jiko la gesi ufukweni linafanya hivyo hivyo kila siku. Mleta mada, ua wako uko wazi upande gani?

#13 MkaaziWaMaweni
Upande wa mashariki, wa bahari. Upande huo kuna ukuta wa kimo cha kiuno tu.
Mwalimu, ni kweli adhuhuri ni safari ya pili. Ijumaa sitaiwasha asubuhi.

#14 Kusi_na_Kaskazi
Mashariki! Basi jibu limo humo. Weka makuti upande huo tuone.

#15 Jabia_Langoni
Na mimi nina langu, na hili si la sifa. Maji. Unatia maji gani humo? Maji ya visima vya Malindi ni ya chumvi na chokaa, mji umekaa juu ya matumbawe. Yakichemka chokaa inabaki. Safari ya kwanza si neno, ya pili chumvi imezidi, maji yanafanya povu kama chungu cha maharage na kupanda pamoja na mvuke mpaka kwenye silinda. Injini inasukuma maji badala ya mvuke. Huku Lamu natumia maji ya mvua kutoka jabiani, birika letu la kuhifadhia maji, na kajiboila kangu ka mezani ni safi ndani mpaka leo.

#16 Mlamu_Leicester
Hoja ya povu ni nzuri. Lakini yakhe, jabia limepigwa chokaa ndani. Maji ya mvua yana asidi kidogo, yakilala humo yanaichukua ile chokaa. Yanazidi ya kisima kwa ubora, sikatai, ila si maji matupu. Kinga mvua kwenye ndoo ya plastiki baada ya mvua ya kwanza kuosha bati.

#17 Jabia_Langoni
Jabia la marehemu babu yangu lina umri mrefu kuliko chokaa unayoizungumza wewe. Chokaa yake imeshapata utando, haitoi kitu. Njoo uonje maji yake mwenyewe, umekaa sana Uingereza.

#18 Fundi_Gede
Maji ya betri, yale yaliyokenekwa, na mzozo umekwisha. Ila soma chupa vizuri. Baadhi ya maduka yanakuuzia asidi ya betri kwa jina hilo hilo la "maji ya betri". Ukiitia asidi kwenye boila ya shaba umeizika. Na maji ya eisii mnayokinga kwenye ndoo yanatumika yakichujwa, kwa kuwa ni unyevu wa hewa uliopozwa, lakini yana vumbi na ukoga wa mashine.

#19 MkaaziWaMaweni
Natumia maji ya chupa ya kunywa.

#20 Mwalimu_Ngomeni
Maji ya kunywa yana madini, mengine huongezwa kwa makusudi ili yawe na ladha. Tumia yaliyokenekwa. Tena usiijaze boila mpaka juu. Ijaze, kisha vuta kiasi kwa bomba la sindano ili mvuke upate nafasi. Boila iliyojaa pomoni inarusha maji hata yakiwa safi namna gani.

#21 Totoo_la_Shela
Swali la mtu asiye fundi. Picha nimeiona, injini nzuri mashallah, lakini moshi mweupe uko wapi? Treni za kwenye video za Ulaya zinatoa wingu zima.

#22 Mwalimu_Ngomeni
Mvuke wenyewe hauonekani. Kile cheupe ni mvuke uliopoa na kuwa matone madogo. Hewa ya baridi inayatengeneza matone hayo mengi na yanakaa. Hewa ya nyuzi 33 inaweza kubeba unyevu mwingi zaidi, kwa hiyo matone yanakauka kabla hujayaona. Amka alfajiri ukaitazame, utaona kidogo. Na ukiona matone mengi meupe yakiruka adhuhuri, hapo rudi kwenye hoja ya Jabia #15.

#23 Totoo_la_Shela
Shukran Mwalimu. Basi ile reli ya Lamu ikija tutakuwa na treni isiyo na wingu. Bandari tumepata 2021, reli bado tunaisubiri.

#24 Kusi_na_Kaskazi
Ikija itakuwa ya dizeli au umeme, na upana wa milimita 1435 kama ile ya Mombasa ya 2017. Mvuke uliisha na wale Wahindi walioijenga reli ya zamani ikafika Kisumu 1903.

#25 Mzee_wa_Garati
Kisumu ilifikiwa 1901. Kazi ilianza Mombasa 1896. Na mvuke haukuisha na wajenzi, uliendelea mpaka karibu 1980, mimi nikiwamo. Zile Garati za daraja la 59, injini kubwa za mvuke za reli hiyo, zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ya 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi. Kaitazameni. Ukisimama kando yake utaelewa kwa nini watu wazima wanakaa uani na injini ndogo.

#26 Fundi_Gede
Mzee, kuni na makaa ya mawe ya kulisha boila ile nani alikuwa anayatupa? Si mgongo ungevunjika?

#27 Mzee_wa_Garati
Hapana, 59 zilichoma mafuta mazito. Fayamani alikuwa na vali za mafuta na za mvuke, kazi yake kusoma moshi. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Bomba likiwa safi kabisa, hewa imezidi na unaupoza moto. Tulitaka ukungu mwepesi tu. Na hili ndilo namwambia huyu kijana: moto unausoma kwa macho na masikio kabla ya geji.

#28 Mwalimu_Ngomeni
Kwa kuwa tumefika huko, nifurahishe kidogo. Reli ya milimita 45 kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 ni reli ya mita moja barabara, yaani reli yetu ya zamani. Garati ya 59 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31, kwa hiyo uani ingekuwa mita 1.4. Uzito wa tani 252, ukigawanya kwa 22.5 mara tatu, unapata kilo 22 hivi. Mtu angeweza kuitengeneza. Mleta mada, kona za ua wako zingehitaji kupanuliwa.

#29 MkaaziWaMaweni
Mwalimu usinitie tamaa, mke wangu anausoma uzi huu.

Matokeo ya Ijumaa. Sikuwasha asubuhi. Nilitia maji yaliyokenekwa, nikatoa nafasi ya mvuke, kikopo nikajaza oili mpya (20W-50 bado, sina nyingine), makuti upande wa mashariki. Niliwasha baada ya swala. Ilikwenda vizuri kuliko adhuhuri zote zilizopita, ikapita nusu ya muda wa asubuhi, halafu ule mngurumo ukarudi, geji ikaanza kushuka. Moto haukuzimika safari hii. Reli zilikuwa za moto hazishikiki.

#30 Kusi_na_Kaskazi
Moto haukuzimika! Makuti yamefanya kazi.

#31 Jabia_Langoni
Au maji.

#32 Mlamu_Leicester
Mngurumo umerudi katikati ya safari, yaani tangi lilipopata joto la boila. Kama ni maji au upepo, kwa nini ungoje nusu ya safari? Kibeseni cha maji hukuweka?

#33 MkaaziWaMaweni
Kibeseni hakiingii kwenye kibanda. Nimefunga kitambaa kilicholowa kwenye tangi, kikakauka upesi.

#34 Mzee_wa_Garati
Na mafuta vilevile yanaisha nusu ya safari. Kikopo kile na oili nyepesi hakifiki mbali. Ulitazama bomba la moshi?

#35 MkaaziWaMaweni
Kuna utando mweupe, Mzee. Mwembamba.

#36 Fundi_Gede
Reli zilikuwa za moto hazishikiki, amesema. Reli za shaba njano mita kumi zikitoka nyuzi 25 kufika 55 zinarefuka karibu milimita 6. Kama viungo vimebanwa, njia inajikunja na upana unabana magurudumu. Sijaachana na oringi, lakini hili nalo lipimwe. Kata kipande cha bati milimita 45, kipitishe njia nzima adhuhuri.

#37 Msafiri_Mambrui
Nimesoma uzi wote. Nina Mamod ya zamani, injini ya mvuke ya kuchezea, silinda zake zinacheza huku na huku, inachoma vidonge. Vidonge vimeniishia. Kwa mleta mada: mimi ningejaza tangi lile kwa mtungi wa gesi ya kupikia, ni rahisi na ipo kila duka.

#38 Mwalimu_Ngomeni
Ndugu wa Mambrui, tafadhali usifanye hivyo, na yeyote anayesoma asifanye. Gesi ya kupikia ina propane ndani yake. Propane peke yake kwenye nyuzi 35 ina msukumo wa bar 11 hivi, na vitangi hivi vimepimwa kwa butane. Likipasuka hutapata nafasi ya kukimbia. Butane ya kopo la kambi au ya kujazia vibiriti, basi. Na ujazaji ufanyike mbali na moto wowote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye pembe za ua, na watoto huwa wamekaa chini hapo hapo wakitazama.

#39 Mlamu_Leicester
Nakazia #38. Na gesi ya vibiriti nyingine ina mafuta yanayoziba jeti, tundu lake ni kama robo ya milimita au pungufu. Likiziba, livue, liloweke kwenye asetoni, lipulize kwa nyuma. Usichokoe kwa waya, utalipanua. Pengine hata la mleta mada limezibwa nusu upande mmoja, gesi inatoka kwa kupinda.

#40 Fundi_Gede
Sasa umeongeza jingine. Ni msukumo au ni uchafu?

#41 Mlamu_Leicester
Vyote viwili vinawezekana. Mpwa wangu anakuja Lamu kabla ya Maulidi. Nitampa jeti ndogo zaidi na chupa ya oili ya mvuke ya 460. Gesi haipandi ndege, hiyo tafuta mwenyewe.

#42 MkaaziWaMaweni
Allah akuzidishie. Vikifika nabadilisha vyote siku hiyo hiyo.

#43 Mzee_wa_Garati
Usibadilishe vyote. Ikipona hutajua umeiponya kwa nini, na ikiugua tena utaanza upya. Anza na oili.

#44 Mlamu_Leicester
Mzee, kwa heshima, aanze na jeti. Oili ikibadilika na moto bado mbaya, hataona tofauti.

#45 Mzee_wa_Garati
Moto ukiwa mzuri na vali inavuja, hataona tofauti pia. Na vali iliyokosa mafuta inajikwaruza kila anapoiendesha. Jeti kubwa haiharibu kitu, inapoteza gesi tu. Kinachoharibu ndicho kitangulie.

#46 Mwalimu_Ngomeni
Hoja ya Mzee ya uharibifu ina uzito. Lakini mpaka vifike, mleta mada, nunua kipimajoto cha bei ndogo, kifunge kwenye tangi la gesi kwa uzi, uandike joto lake mngurumo unapoanza. Asubuhi na adhuhuri. Mngurumo ukianza kwenye joto lile lile nyakati zote mbili, hoja ya Mlamu imepata mguu.

#47 Fundi_Gede
Jumamosi naja Maweni na kompresa. Tutasikiliza pumzi nne, na baada ya hapo tutaipasha injini kwa mvuke, tuzime moto, tuizungushe kwa mkono ikiwa ya moto. Kama inabana, ni oringi.

#48 MkaaziWaMaweni
Karibu sana Fundi. Oili ikifika ndiyo itatangulia, kipimajoto nimeshanunua, na bati la 45 nimekata. Makuti nayaacha palepale yasibadilike, ili tupime mengine.

#49 Kusi_na_Kaskazi
Ukiyaacha umekubali hoja yangu bila kuipima. Jumamosi kabla ya Fundi kufika, yatoe, uwashe mara moja upepo ukiwa umepanda.

#50 Fundi_Gede
Asiwashe kabla sijafika. Nataka niikute baridi.